Kumkinga mtoto na kifaduro, mambo ya kufanya

Kwanza ujue ratiba manake hapa ndo wengi tunapotelea. Sindano ya kifaduro (kile kikohozi kikali cha kuambukizana) haiji peke yake, iko ndani ya ile ya pentavalenti ya magonjwa matano, na mtoto anadungwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wiki ya 6 ni ukishatoka arobaini tu, so ukitoka nje mara ya kwanza pita kliniki kabla hujaanza kuzungukia mashangazi Kisauni na Likoni. Kliniki za serikali ni bure, beba kile kitabu cha mtoto.

Ukikosa tarehe usijifiche eti nesi atakugombeza (atakugombeza kidogo, vumilia), rudi, hawaanzi upya, wanaendelea pale ulipoachia na kati ya sindano na sindano ziwe wiki 4 angalau.

Sasa kabla ya hizo wiki 6 mtoto hana sindano yake, analindwa na nyinyi mulomzunguka, na kifaduro kinasambaa vibaya sana mpaka watu zaidi ya 90 kwa kila 100 wawe na kinga ndo kizuilike. Na kinga yenyewe hupungua na miaka, hata ya alougua, kwa hivyo kikohozi cha mjomba cha wiki mbili chaweza kuwa ndo hicho. Mwenye kukohoa asimbusu mtoto, mwambie tu, akinuna anune.

Kichanga mara nyingine hata hakohoi, anakata pumzi na midomo yageuka buluu, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, si mafuta ya nazi.