Somo: Kuzifikia makala za msingi za ugonjwa kwa kufuata marejeo

Ukiandika jina la ugonjwa kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, utamwagiwa maelfu ya makala. Marejeo ndiyo yatakayokuonyesha watafiti wenyewe waliegemea wapi. Tuchukue vidonda vya tumbo.

Hatua ya 1. Tafuta makala tatu au nne za mapitio (zinazokusanya na kujadili tafiti za wengine), za karibuni, kutoka kwa vikundi tofauti, kwa sababu watafiti hupenda kurejelea kazi zao wenyewe.

Hatua ya 2. Weka orodha zao za marejeo kwenye jedwali moja, uone zipi zinajirudia. Makala ya Marshall na Warren kuhusu bakteria wa tumboni na vidonda hivyo, katika jarida la tiba la Lancet 1984, haikosi kujitokeza. Ukitafuta kwa neno Helicobacter tu unaweza kuikosa: bakteria wanaozungumziwa humo walipewa jina hilo 1989, na kichwa cha makala kinataja bakteria waliopinda wasiojulikana.

Hatua ya 3. Sasa geuka. Kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, tazama nani waliirejelea baadaye, na pamoja na makala gani nyingine. Zinazorejelewa pamoja mara kwa mara kwa kawaida zina uhusiano; Henry Small aliieleza njia hii 1973.

Hatua ya 4, ambayo wengi huiruka: soma sentensi inayorejelea. Mwaka 1980 New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya aya moja iliyosema uraibu ni nadra kwa wagonjwa waliolazwa wakapewa dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2017 watafiti walihesabu makala 608 zilizoirejelea. Asilimia 80.8 hazikutaja kwamba wagonjwa hao walikuwa wamelazwa! Idadi kubwa ya marejeo haikuulinda ukweli.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, makala iwe imerejelewa mara ngapi ndipo niichukue?

Usiweke kiwango, ndugu yangu. Ilinganishe na za umri wake, kwa ugonjwa uleule. Ugonjwa wenye watafiti wachache, hata marejeo ishirini ni mengi.

Na iliyofutwa na jarida lililoichapisha, bado hurejelewa?

Ndiyo. Ile ya Lancet ya 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilifutwa 2010, na bado inarejelewa, mara nyingi kwa kukosolewa. PubMed huweka alama kwenye makala zilizofutwa, kwa hiyo pitia jedwali lako lote huko kabla hujaanza kuandika.