Jinsi ya kukaa chumba kimoja na rumeti msiyefanana naye hata kidogo

Mimi wa Pangani, yeye wa Longido. Mimi naamka nikiongea. Yeye mpaka anywe chai ndiyo utasikia "mambo". Dalali ndiye aliyetukutanisha Rau, hapa Moshi, kila mmoja akitafuta wa kuchangia naye kodi. Huu mwaka wa pili, na wadogo zangu mnaoripoti chuoni mnaniuliza tunawezaje. Haya.

Anzeni na hela, urafiki utakuja. Siku ya kwanza andikeni kwenye kaunta buku: kodi, gesi, LUKU, wageni mwisho saa ngapi. Sisi tulisahau hita. Mtoto wa pwani, baridi ya Juni ikanikuta na shuka moja jepesi, basi nikawa nachemsha maji ya kuoga asubuhi na jioni. Uniti zikakata saa nne usiku, kesho yake mwenzangu ana testi. Hakusema neno. Akawasha tochi ya simu, akaendelea kusoma. Kununiwa na mtu mkimya kuna tabu yake: hujui kama umenuniwa au ndivyo alivyo. Usikae unakisia. Nunua umeme, sema "kosa langu", ulale. Mimi niliamka nimefunikwa shuka lake jekundu.

Kabila usimhoji. Hata karani wa sensa ya 2022 hakuuliza. Pikeni. Nilirudi na nazi kutoka Mbuyuni, nikamwambia, "Nipe mbuzi nikune."

Akaniangalia. "Kwetu mbuzi tunamchunga."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Ila wali wa mgeni wa nazi upikie tui la pili, la kwanza tia kidogo tu. Mimi nilimiminia lote, usiku kucha tumbo likamsumbua. Naye akanipikia loshoro, mahindi ya kukoboa na maziwa ya mgando. Niliongeza sukari kwa siri, msimwambie.

Mama yake akija, jifunze salamu ya Kimaasai mapema. Nilikariri "takwenya" njia nzima hadi stendi, nikafika nikatoa "shikamoo" kwa woga. Mama akacheka, akanikabidhi kibuyu cha maziwa. Yananukia moshi, maana kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto. Funda la kwanza liwe dogo. La tatu utaliomba mwenyewe.

Hita niliuza. Maji sasa tunachemshia kwenye gesi, na wiki hii zamu ya kujaza mtungi ni yangu.