Kabla malipo ya bitkoini hayajakatwa tena 2028: mchimbaji wa Dar anza na LUKU

Wadau, havingi ijayo, yani kukatwa nusu kwa malipo ya wachimbaji (wenye mashine zinazopiga hesabu kuongeza bloku, yani mafungu mapya ya miamala ya bitkoini), ni 2028, bloku namba 1,050,000 ikifika tu, malipo ya kila bloku yanashuka toka bitkoini 3.125 mpaka 1.5625. Hakuna cha kushtukizwa hapo, kitu kimeandikwa kwenye programu yenyewe toka siku ya kwanza, kila bloku 210,000, kama miaka minne ivi, malipo yanakatwa nusu. Ilianza 50 mwaka 2009, ikaja 25 mwaka 2012, 12.5 mwaka 2016, 6.25 mwaka 2020, alafu Aprili 2024 ndo tukafika hapa tulipo. Kinachoniuma ni kuona vijana wa huku kwetu wanakopa hela wanaagiza mashine kwa kuangalia bei ya bitkoini peke yake, bei ya uniti hata hawajaigusa, wakati umeme ndo unaomtoa mchimbaji mchezoni.

Kwaiyo kabla ya kitu chochote piga hesabu ya LUKU. Mteja wa kawaida wa TANESCO, ukijumlisha kodi na makato, uniti moja inamfikia kama shilingi 356. Chukua mashine ya kuchimbia inaitwa Antminer S19 Pro, ile ya terahashi 110 (yani inajaribu majibu trilioni 110 kwa sekunde), inakula kama wati 3,250, maana yake ikiwaka saa 24 ni uniti 78, sawa na shilingi 27,700 na ushee kwa siku. (Na usidhani utajificha kwenye ile bei nafuu ya matumizi madogo, uniti 75 ni za mwezi mzima, mashine moja inazimaliza kabla siku haijaisha.) Sasa tazama upande wa mapato. Aprili 2024 heshireti ya dunia nzima, yani nguvu ya mashine zote kwa pamoja, ilikuwa kama exahashi 600 (exahashi moja ni terahashi milioni moja), bitkoini kama dola 64,000, dola kama shilingi 2,580. Kabla ya kukatwa, mtandao ulikuwa unatoa bitkoini 900 mpya kwa siku, na fungu la S19 Pro moja hapo lilikuwa kama shilingi 27,200, yani umeme na mapato vinakaribia kulingana. Kesho yake zikawa 450, fungu likawa 13,600, ila LUKU ipo palepale.

Utasikia watu wanasema subiri, wengine watazima mashine, ugumu wa kupata bloku utashuka, utapata zaidi. Ni kweli kabisa, mtandao unajirekebisha kila bloku 2,016, kama wiki mbili, na Mei 2024 ugumu ulishuka karibu asilimia 6. Lakini weka hiyo asilimia 6 kwenye 13,600 uone, haifiki hata 14,500! Alafu siku ile ya havingi ada za miamala ziliruka vibaya sana, bloku 840,000 peke yake ilibeba ada za zaidi ya bitkoini 37 kwa sababu ya watu waliokuwa wanagombania kuandika tokeni za Runes (sarafu nyingine zinazoandikwa ndani ya mtandao wa bitkoini), ila siku chache mbele zikarudi chini, kwaiyo usipange bajeti ya mwaka kwa ada za siku moja.

Jambo la pili ni ulaji wa mashine, na hapa msiangalie terahashi tu, angalieni inakula juli (kipimo cha nishati) ngapi kwa kila terahashi. S9 ya 2016 inakula karibu 98, S19 Pro kama 29.5, S21 ni 17.5. Ndo maana kila havingi ikipita mashine za zamani zinauzwa bei ya kutupa na zinaishia kwenye nchi kama yetu, mtu anaona kapata bahati kumbe kanunua mzigo. Na hata S21, kwa hesabu ileile ya Aprili 2024, inaingiza kama 24,700 na inakula umeme wa 29,900. Kwa hiyo mimi nasema wazi, kwa uniti ya nyumbani Sinza au Tabata usichimbe, labda bei ya bitkoini ipande sana kuliko heshireti, na hilo hakuna wa kukuhakikishia. Wanaovuka ni wenye umeme wa bei ya chini: kuna waliohamia Ethiopia kufuata umeme wa maji, Kenya kuna kampuni ya Gridless, wanaweka mashine kwenye mitambo midogo ya vijijini wanatumia umeme unaobaki. Kama una njia ya umeme wa namna hiyo huko mikoani hapo tuongee.

Kwa ambaye tayari ana mashine, jifunze sasa kupunguza kasi na volti yake, inatoa kidogo lakini kila terahashi inakula umeme mdogo zaidi, wachimbaji wengi walifanya ivo. Deni lilipe mapema. Core Scientific ya Marekani ilikuwa kati ya kampuni kubwa kabisa za uchimbaji na bado Desemba 2022 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wanaoidai, bei ya bitkoini imeshuka, umeme umepanda, na madeni yapo shingoni, na hapo havingi ilikuwa haijafika hata. Weka akiba ya shilingi ya kununua umeme wa miezi kadhaa ili usilazimike kuuza sarafu siku bei ikiwa mbaya.

Joto letu la Desemba mpaka Machi pia linakula hela, kiyoyozi nacho ni uniti, na ukiwa Kigamboni karibu na bahari hewa ya chumvi inakula bodi.

Wanaokuuzia uchimbaji wa kukodi kwenye magrupu ya WhatsApp, faida ya kila siku iliyopangwa, achana nao. Mapato yenyewe yanakatwa nusu, faida isiyobadilika inatoka wapi?

Mwisho upande wa sheria. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi sio fedha halali nchini, alafu sheria ya fedha ya 2024 ikaleta zuio la kodi la asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwaiyo nenda TRA uulize wewe mwenyewe kabla hujauza, na risiti zote tunza, za mashine, za forodha, mpaka zile sms za LUKU.