Namna ya Kucheza Karata za Wastani Mwanzoni mwa Mashindano ya Poka Mtandaoni

Mtu aliyekulia kwenye karata za barazani, iwe Kibokoni ama Majengo, huingia katika poka ya mtandaoni na mazoea yanayomgharimu: haoni raha kukaa bila kucheza. Barazani kila aliyegawiwa hucheza, na hata turufu ndogo ina kazi yake. Katika poka ya Texas, ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri na mezani zikafunuliwa tano za wote, kazi kubwa ya saa ya kwanza ni kutupa. Karata mbovu hazimsumbui mtu kuzitupa. Zinazosumbua ni zile za kati, ambazo hazina ubaya wa kumfanya mtu aziache bila kufikiri, wala uzuri wa kumfanya azitegemee.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Vidude vinavyochezewa nitaviita kete, kwa kuwa chipsi za hapa Mombasa huliwa kwa ukwaju. Ree ni ile inayoandikwa A, na madau ya lazima, dogo na kubwa, ni yale ambayo wachezaji wawili walio kushoto kwa mgawaji huyatoa kabla ya karata kugawiwa. Suala la kucheza kwa fedha, kidini na kisheria, kila mtu ataliuliza kwa wanaolijua. Haya ninayoyaeleza hufaa hata kwenye meza za kete za bure.

Chukua shindano ambalo kila mtu huanza na kete 5,000, na madau ya lazima ni 25 na 50. Kilichoko mezani kabla hujafanya lolote ni kete 75 tu, kwa hiyo kujitosa na karata hafifu ili kuwatisha wenzako wakimbie ni kuhatarisha kingi kwa kidogo. Kwa upande mwingine, akiba yako ni sawa na madau makubwa 100, na akiba nene namna hiyo ndiyo inayozipa thamani baadhi ya karata za wastani: unalipa kidogo kuingia, na siku zikikubali unaondoka na kete zote za mwenzako. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama karata zako zinapendeza, bali kama zinaweza kutengeneza kitu kikubwa, na kama ni rahisi kuziacha zisipotengeneza.

Jozi ndogo, kuanzia mbili mbili hadi saba saba, ndizo bora katika kundi hili kwa sababu hazina utata. Uwezekano wa kupata ya tatu yake katika karata tatu za kwanza za mezani ni takriban asilimia 12, yaani mara moja katika kila mara nane au tisa. Kwa kuwa mara nyingi utakosa, hakikisha kwamba yule mwenye kete chache kati yenu wawili ana angalau mara 15 hadi 20 ya kile unachoombwa kulipa. Tuseme umekaa nafasi ya mgawaji, ambaye karata za mezani zikishafunuliwa ndiye wa mwisho kusema, yaani kuamua, ukiwa na saba mbili, na mchezaji wa mapema mwenye kete 4,700 amepandisha dau hadi 150. Hiyo ni zaidi ya mara 30, basi mfuate, yaani lipa kiasi hichohicho. Mezani zikitokea ree, tisa na nne, naye akaweka 250, tupa bila kusita; umepoteza asilimia 3 ya akiba yako na hakuna aliyekuumiza. Zikitokea kingi, saba na mbili, pandisha palepale, kwa maana mwenye ree na kingi mkononi hatakubali kirahisi kwamba ameshapitwa. Lakini kama huyo aliyepandisha alibakiwa na kete 1,200 tu, jozi hiyohiyo huifuati kwa matumaini ya kupata ya tatu, kwa kuwa hata ukiipata hana cha kukulipa.

Karata mbili zinazofuatana za alama moja, kwa mfano nane na tisa za kopa, watu huzisifu kupita kiasi. Shabaha ni kutimiza kopa tano, na uwezekano wa kukuta kopa tatu mezani mara moja haufiki asilimia 1. Kinachotokea mara kwa mara, takriban mara 11 kwa 100, ni kukuta kopa mbili na kubaki ukiisubiri ya tano, na hapo kati ya karata 47 usizoziona ni 9 tu zinazokukamilishia kwa karata inayofuata. Zicheze ukiwa wa mwisho kusema, watu wawili watatu wameshaingia kwa bei ndogo. Ukiwa wa kwanza kusema, ziache.

Zinazozamisha watu hasa ni zile zenye sura nzuri: ree na kumi, kingi na jeki, kwini na kumi za alama mbalimbali. Usiku mmoja nilipandisha kwa ree na kumi nikiwa wa pili kusema katika meza ya watu tisa, mtu mmoja akanifuata, na mezani ikaja ree, nane na tatu. Niliweka, akafuata, nikaweka tena, akafuata, karata ya mwisho nikamwaga zote, naye akafunua ree na kwini. Kahawa ilikuwa bado haijapoa. Ree iliyonifurahisha ndiyo iliyoniangusha, na hili si la bahati: mwenye ree na kumi akikutana na mwenye ree iliyoandamana na karata kubwa zaidi hushinda takriban mara moja katika nne, na anayemfuata aliyepandisha mapema mara nyingi ana ree ya namna hiyo. Tangu hapo, nikiwa mapema nazitupa. Nikiwa nafasi ya mgawaji na wote wameacha, napandisha, na nikipata jozi moja tu naweka dau moja au mawili madogo kisha naacha fungu libaki dogo.

Wengine hudai kwamba mwanzoni ni bora kubahatisha ili ujaze kete mapema. Hesabu ya mashindano madogo haiungi mkono. Chukua meza ya watu kumi, kila mmoja ametoa shilingi 100, na zawadi ni 500, 300 na 200. Ukimtoa mmoja na kete zako zikawa maradufu, thamani ya nafasi yako, tukiwachukulia wote kuwa na ujuzi sawa, huwa takriban shilingi 184, wala si 200. Yaani hata kamari ya nusu kwa nusu inakutia hasara; unahitaji kushinda zaidi ya mara 54 katika 100. Katika shindano la watu elfu moja tofauti hiyo mwanzoni ni ndogo mno, na pale panaporuhusiwa kununua nafasi tena watu hucheza kwa ujasiri zaidi, lakini jozi moja yenye karata ya pembeni hafifu, kama ile kumi yangu kando ya ree, hubaki kuwa jozi moja.

Jambo dogo la kwetu: mashindano mengi yamepangwa kwa saa za jioni za Ulaya, ambazo Mombasa ni usiku, na bando likikatika katikati ya mkono mfumo hukutupia karata muda wako ukiisha. Usilipe kuingia na karata ya kusubiri, yaani inayongoja nyingine ije kuikamilisha, wakati mtandao unasuasua.

Akiba yako ikishuka chini ya madau makubwa 40, kanuni hizi za jozi ndogo na karata zinazofuatana ziweke kando. Madau ya lazima yameshapanda, kila mfuato unakula sehemu kubwa ya kete zako, na nane na tisa za kopa huwa ni karata za kupandisha nazo wewe mwenyewe kwanza au kuzitupa.