Kumuua Sungura Aliyenaswa Wavuni Bila Kumtesa

Kuwinda kwa fereti, yaani kile kinyama chembamba cha jamii ya kicheche ambacho kimefugwa kwa karne nyingi, ni kazi ya kimya. Nyavu hutandazwa juu ya matundu ya makao ya sungura, fereti huingizwa chini, na sungura wanaomkimbia hujitupa wavuni wenyewe, aghalabu wakiwa wazima na bila jeraha. Hapo ndipo njia hii inapotofautiana na bunduki. Mpiga risasi huua akiwa mbali, lakini mwenye wavu hukabidhiwa mnyama hai anayepiga mateke, na kumuua kunabaki kazi ya mikono yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, humlinda mnyama aliye chini ya udhibiti wa mtu hata kama ni kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo tangu kamba ya wavu inapokaza, mateso ya sungura huyo yako juu ya mwindaji.

Kosa kubwa katika uwindaji huu hutokea kabla fereti hajatolewa sandukuni, nalo ni kutandaza nyavu nyingi kuliko mikono inayoweza kuzihudumia. Sungura watatu wakitoka kwa pamoja na mwindaji akiwa peke yake, wawili watabaki wakijinyonganyonga na kulia huku yeye akihangaika na wa kwanza. Kwa maoni yangu, makao yenye matundu ishirini si ya mtu mmoja. Na ayaache hadi apate wenzake wawili, kila mmoja akijua nyavu zipi ni zake. Vilevile, asiyewahi kuua sungura kwa mkono asijifunzie kwa mnyama hai. Achukue sungura aliyekwisha kufa, ambaye mwili wake haujakakamaa, ajizoeze kumshika na kumvuta shingo mpaka vidole vyake vitambue kiungo kinavyoachia.

Sungura akiwa karibu kutoka, mara nyingi husikika kishindo cha miguu chini ya ardhi, kisha ghafla wavu hujaa, kamba hupita kwenye pete zake, na mfuko hujifunga huku kigingi kikiushikilia. Mwindaji amfikie haraka lakini akiwa ameinama, ambonyeze mabegani kwa kiganja ili atulie juu ya ardhi, na kama ana wavu wa akiba auweke juu ya tundu lililobaki wazi. Asimwinue sungura akining'inia ndani ya wavu. Miguu ya nyuma ya sungura ina nguvu nyingi sana ikilinganishwa na wepesi wa mifupa yake, na akipiga mateke kiuno kikiwa hakijashikiliwa anaweza kujivunja mgongo.

Wengi hupoteza muda katika kunasua. Hutafuta kichwa kwanza, nyuzi hujifunga masikioni, na nusu dakika hupita bure. Ikiwa kichwa kimetokeza vizuri au nyuzi zinazokizunguka ni chache, ni heri kumuua akiwa bado ndani ya wavu na kumnasua baadaye, kwa kuwa wavu unaweza kungoja. Ikiwa amejiviringa kabisa, ishikwe kwanza miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja, juu kidogo ya vifundo, kisha wavu uvutwe kuelekea kichwani kama mtu anayevua soksi.

Njia inayofaa kwa sungura wengi wa porini, ambao kwa kawaida hawazidi kilo mbili, ni kutegua shingo. Anayetumia mkono wa kulia hushika miguu ya nyuma kwa mkono wa kushoto na kuiweka usawa wa nyonga yake, mwili wa sungura ukilala mbele ya paja lake na kichwa kikielekea chini. Mkono wa kulia hushika kichwa kwa nyuma, kidole gumba kikikaa kwenye kibonde kilicho nyuma kabisa ya masikio, na vidole vingine vikipita chini ya taya. Hapo hufanyika mambo mawili kwa mwendo mmoja: mkono wa kulia husukuma chini ili shingo inyooke hadi mwisho wake, na papo hapo vidole huinua kidevu ili kichwa kipinde kuelekea mgongoni. Fuvu huachana na pingili za juu za shingo, na mshipa mkuu wa fahamu unaopita humo hukatika. Mwindaji huhisi kitu kikiachia chini ya kidole gumba, na akipapasa hapo atakuta pengo linalotosha kidole kati ya fuvu na shingo.

Mvuto huo unataka uthabiti kuliko nguvu. Anayevuta polepole kwa kumwonea huruma mnyama ndiye anayemtesa, kwa sababu kuvuta nusu humwumiza sungura bila kumwua. Kwa upande mwingine, kwa sungura mchanga nguvu ya kupita kiasi huweza kuling'oa fuvu zima, jambo lisilopendeza kuona ingawa yeye mwenyewe amekwisha kufa. Dume zee lenye shingo nene ndilo linalosumbua mikono midogo, na kwake ni bora kutumia rungu fupi zito: alazwe juu ya ardhi imara, kisha apigwe pigo moja kubwa juu ya fuvu, kati ya macho na masikio. Ule mtindo wa kumning'iniza sungura na kumpiga shingoni kwa ubavu wa kiganja nisingemshauri mtu yeyote. Pigo hukosa mahali pake mara nyingi mno, na nyama ya mabega huvilia damu.

Baada ya hapo miguu inaweza kupiga kwa sekunde kadhaa, na mgeni wa kazi hii hudhani ameshindwa. Mateke hayo ni ya misuli tu na hayaonyeshi uhai. Kinachotazamwa ni pumzi iliyokoma na jicho lililo wazi ambalo halipepesi hata likiguswa mboni kwa ncha ya kidole, kisha mapigo ya moyo nyuma ya kiwiko cha mbele, ambayo hufifia na kukoma. Jicho likipepesa au pumzi ikirudi, apigwe rungu mara moja, bila kurudia kuvuta.

Anayetoka akiwa ameng'atwa na fereti auawe kwanza, hata kama mwingine amenaswa karibu zaidi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye macho yaliyovimba na kutoa usaha, ambazo ni dalili za miksomatosi, ugonjwa wa virusi unaoua sungura. Yeye auawe kwa uangalifu uleule ingawa hataliwa. Iwapo fereti ametoka akimfuata sungura na kumng'ang'ania shingoni, sungura auawe kabla ya kuhangaika kumbandua fereti.

Sungura akishathibitika amekufa, hushikwa kichwa kikiwa juu na tumbo la chini likabonywa kwa kidole gumba kuelekea mkiani ili mkojo utoke na usiharibu nyama. Wavu hunyooshwa na kurudishwa juu ya tundu lake, kigingi kikakandamizwa tena, na mwindaji hurudi nyuma hatua chache kusikiliza, kwa sababu fereti bado yuko chini.