Kumtambua mtengenezaji wa beji ya kofia ya jeshi la Uingereza

Geuza beji: mambo yote yako nyuma. Usiisugue kwanza kwa Brasso, dawa ya kung'arisha shaba, kwani herufi zilizogongwa kwa kina kidogo hufutika.

Inamisha beji chini ya taa ya pembeni, ukitumia lenzi inayokuza mara 10. Angalia ule ulimi wa shaba unaochomekwa kwenye kofia, hasa karibu na ncha yake. Huko ndiko watengenezaji kama J.R. Gaunt na Firmin walikogonga majina yao. Beji nyeusi au ya kahawia ya plastiki, ya Vita Kuu ya Pili, soma ukingo wa nyuma: nyingi zina jina la A. Stanley & Sons, Walsall.

Beji ya fedha ya ofisa ni rahisi zaidi. Soma alama ndogo zilizogongwa: simba anayetembea ni fedha ya asilimia 92.5, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Herufi za kwanza za jina la mtengenezaji ziko hapohapo, na herufi ya mwaka.

Sasa shaka. Jina la Gaunt limeghushiwa mno, kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Beji iliyogongwa kwa mashine ina mgongo unaofuata umbo la mbele kama kivuli chake. Yenye mgongo bapa na vitundu vidogovidogo imemiminwa kwenye kalibu, dalili ya kughushi; iweke kando. Linganisha pia taji lililo kwenye beji na mwaka unaodaiwa: la Tudor, lenye matao ya mviringo, ni la 1901 hadi 1952; la St Edward, lenye matao yaliyobonyea katikati, lilifuata hadi 2022, ndipo Mfalme Charles III alipochagua tena la Tudor.

Isiyo na jina usiitupe. Beji nyingi za 1914–1918 hazikugongwa chochote.