Spika moja imefifia: badilisha nyaya kabla ya kutafuta mchawi

Sauti ya mwimbaji inatakiwa isikike katikati ya spika mbili. Ikihamia upande mmoja, au besi ya kushoto ikapotea, au kulia kukawa na ung'avu ambao kushoto haupo, mwenye spika huwaza moja tu: imeungua. Kwa spika zilizonunuliwa kwa fedha ya mnada wa korosho, wazo hilo linauma. Lakini mara nyingi hakuna kilichoungua. Kwenye nyumba zilizo karibu na maji, kama za Shangani ya Mtwara, Mikindani au Lindi mjini, vitu viwili ndivyo vya kushuku mwanzo: maunganisho yaliyoliwa na hewa ya chumvi, na sebule ambayo upande wake mmoja haufanani na mwingine. Spika yenyewe na amplifaya vinafuata baadaye.

Andaa malitimita ya dijitali (mita ya kupimia umeme), futi ya kupimia, bisibisi, kisu cha kumenyea waya, alkoholi ya isopropili, pamba za masikio, betri moja ya volti 1.5, na simu yenye programu ya kupima desibeli. Programu hizo si sahihi kwa kipimo halisi, ila kwa kulinganisha upande na upande zinatosha kabisa.

Makosa ya bure

Tazama balansi ya amplifaya, yaani mgawanyo wa sauti kati ya kushoto na kulia, kisha ya simu au kompyuta inayopiga muziki. Simu nyingi zina mstari wa balansi ndani ya mipangilio ya usaidizi wa kusikia, na ukiguswa kwa bahati mbaya unaweza kukaa hapo mwaka mzima bila mtu kujua. Kama unatumia risiva ya sinema yenye kujipima chumba kwa maikrofoni, fungua kiwango cha kila chaneli. Kipimo kilichofanywa kabla sofa halijahamishwa hakifai tena, kirudie. Spika zenye amplifaya ndani yake huwa na swichi au kitufe cha kiwango nyuma ya kila moja. Viwe sawa pande zote mbili.

Halafu geuka, uzipe spika mgongo. Upande dhaifu ukibaki kwenye sikio lilelile, spika hazina kosa. Pengine ni nta tu; hospitali ya Ligula au ya Sokoine itakusaidia kuliko fundi.

Kabla hujabadilisha chochote

Njia ya kumpata mkosaji ni kubadilishana kushoto na kulia, na tutaifikia sasa hivi. Ila kuna hali moja ambapo kufanya hivyo kwa pupa kunaua spika ya pili. Kama upande mmoja umenyamaza kabisa, au koni ya wufa, kipaza kikubwa cha besi, imesukumwa nje ama kuvutwa ndani na haijirudishi wakati amplifaya imewashwa, huenda amplifaya inatoa umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye chaneli hiyo. Umeme huo huchoma koili, waya uliozungushwa unaosukuma koni, ya spika yoyote utakayoiunganisha.

Zima, ondoa nyaya za spika zote mbili, washa tena bila muziki, sauti ikiwa sifuri. Subiri dakika chache. Weka malitimita kwenye volti za DC, kisha pima kati ya chanya na hasi ya chaneli moja, halafu ya pili. Usivuke kutoka chaneli hii kwenda ile. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikikaribia 100, amplifaya inahitaji kutazamwa. Ikisoma volti nzima, usiunganishe spika hata kwa majaribio. Amplifaya za valvu ziache nje ya kipimo hiki, maana hazitakiwi kuwashwa bila spika.

Kubadilishana

Tumia sauti ya mono, yaani ileile kwenye spika zote mbili: wimbo wa zamani uliorekodiwa mono, mtu anayesoma habari, au pinki noizi, ule mvumo unaofanana na mvua juu ya bati. Ukitumia wimbo wa stirio utadanganyika, kwa sababu gitaa lililowekwa kushoto na mrekodi litahamia kulia nawe utadhani tatizo limehama. Kila unapogusa waya, chomoa plagi ya amplifaya kwanza. Unyuzi mmoja wa shaba ukigusana na wa jirani huku muziki unapiga, transista za kutolea sauti zinaweza kufa papo hapo.

Tuseme upande dhaifu ni kushoto. Nyuma ya amplifaya, peleka waya wa spika ya kushoto kwenye chaneli ya kulia, na wa kulia kushoto. Chanya ibaki chanya. Sikiliza. Ikiwa sasa udhaifu umehamia spika ya kulia, spika zako ni nzima na kosa liko kwenye amplifaya au kabla yake. Ikiwa umebaki kushoto palepale, amplifaya haina hatia.

Kama udhaifu ulibaki palepale, rudisha nyaya, kisha beba spika zenyewe na kuzibadilisha nafasi, bila kuhamisha nyaya. Spika ikihama na udhaifu wake, ni mgonjwa. Udhaifu ukibaki mahali pa kushoto ingawa spika iliyopo ni nyingine, shuku waya wa upande huo au chumba. Badilisha nyaya na utajua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Kama udhaifu ulihamia spika ya kulia, rudisha nyaya za spika mahali pake uende kwenye nyaya za RCA, zile zinazoleta muziki kwenye amplifaya. Zibadilishe upande wa amplifaya. Udhaifu usipohama, ni amplifaya. Ukihama, zirudishe, kisha zibadilishe upande wa chombo kinachopiga muziki: ukihama hapo ni chombo, usipohama ni waya wenyewe.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili, jibu halisomeki.

Chumvi

Sehemu za kufungia waya kwenye spika nzuri hupakwa dhahabu, na dhahabu haiozi. Kinachooza ni shaba ya waya wako, na metali iliyo chini ya dhahabu pale palipochubuka. Ukivua waya uliokaa miaka miwili karibu na dirisha linaloelekea baharini utaona ncha imekuwa nyeusi au ya kijani. Usiisugue. Kata sentimita 2 hadi 3, menya sentimita moja na nusu ya shaba mpya inayong'aa, sokota vizuri, funga kwa nguvu ya vidole. Weusi ukiwa umepanda ndani ya mpira zaidi ya hapo, waya huo umekwisha.

Kwaruza unyuzi mmoja kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo upinzani wake ni mkubwa na hulegea kwenye skrubu. Waya wa shaba tupu wa milimita za mraba 2.5 unatosha hadi mita 10. Na lile la kwamba nyaya za kushoto na kulia lazima zilingane urefu, liache: kwa unene huo, tofauti ya mita 3 haifikishi hata sehemu ya kumi ya desibeli.

Spika nyingi za bei zina jozi mbili za kufungia waya, ya juu kwa twita (kipaza kidogo cha sauti za juu) na ya chini kwa wufa, zikiunganishwa na vibati au vipande vya waya. Hapa ndipo penye visa vingi kuliko watu wanavyodhani. Kibati kikilegea au kikiota kutu, sauti za juu hufifia au hupotea huku besi ikiendelea, na spika huonekana imezeeka ghafla. Vitoe vyote vinne, visafishe kwa pamba na alkoholi pamoja na sehemu vinapokaa, virudishe na ukaze. Msasa usiutumie kwenye dhahabu. Ukishaiondoa, kutu itakuja haraka zaidi. Mafuta ya kulainisha nati nayo si ya hapa, huacha utando unaokusanya vumbi.

RCA zisafishwe hivyohivyo. Kuzizungusha mara tano zikiwa mahali pake, amplifaya ikiwa imezimwa, mara nyingine kunatosha.

Kuna pia kosa la chanya na hasi kugeuzwa kwenye spika moja. Sauti ya mono badala ya kukaa katikati inatawanyika, besi inakuwa nyembamba. Geuza nyaya mbili za spika moja tu. Besi ikirudi, umemaliza.

Sebule

Pima kwa programu ya simu kabla ya kuhamisha samani. Piga pinki noizi kwa spika moja, simu ikiwa mita 1 mbele yake kwenye kimo cha twita, andika namba, rudia kwa nyingine bila kugusa sauti. Kisha pima zote mbili kutoka kiti unachokaa. Zikilingana kwa mita 1 lakini zikatofautiana kitini, chumba ndicho chenye tatizo. Tofauti ya desibeli 1 ni ya kawaida. Ikizidi 3, kuna jambo.

Sebule zetu za tofali za saruji, sakafu ya vigae na dari ya jipsamu hurudisha sauti kwa ukali, na nyingi zina upande mmoja wenye kona na mwingine ulio wazi kuelekea sehemu ya kulia chakula. Spika ya konani huongezewa besi na kuta mbili; ya upande ulio wazi haipati msaada huo. Isogeze ya konani sentimita 50 au zaidi kutoka kila ukuta, na hiyo nyingine uiweke umbali uleule kutoka ukuta wa nyuma. Pazia zito upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili ni tofauti nyingine. Tundika kitu kizito kwenye ukuta huo mtupu.

Kutoka kitini, futi isome urefu uleule hadi kila twita, kwa sentimita moja. Spika iliyo karibu kwa sentimita 10 huwahisha sauti yake kwa takriban milisekunde 0.3, na sikio huvutwa kule sauti ilikotangulia hata kama nguvu ni sawa. Zigeuzie kwako kwa pembe ileile. Kama twita haziko katikati ya kasha, spika hizo zina kushoto na kulia: ziwe kama zinatazamana kwenye kioo, twita zote ndani au zote nje.

Chumba kikikataa kabisa, sogeza balansi kwa desibeli moja au mbili. Wapenda stirio huona aibu. Kitufe kiliwekwa kwa kazi hiyo.

Spika yenyewe

Kunja karatasi ya A4 iwe bomba, weka ncha moja sikioni na nyingine mbele ya kila kipaza kwa sauti ndogo. Utajua mara moja ni twita au wufa iliyonyamaza.

Ondoa nyaya za amplifaya upime kwa malitimita kwenye jozi ya chini, vibati vikiwa vimetolewa. Gusanisha kwanza ncha za mita, na usomaji huo uutoe. Spika ya omu 8 husoma kama 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma kama 3 hadi 3.5. La muhimu ni spika mbili kufanana. Jozi ya juu mara nyingi itasoma kama waya uliokatika, nao wengi hapo hutangaza msiba wa twita. Si msiba: kuna kapasita njiani inayozuia umeme wa DC. Twita hupimwa ikiwa imetolewa, waya wake mmoja umechomolewa.

Betri ya volti 1.5 iguse jozi ya chini kwa chini ya sekunde moja. Koni za spika zote mbili ziende upande mmoja. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukigusa pande zinazotazamana. Mkwaruzo wowote ni koili iliyochubuka au kupinda. Sponji inayozunguka koni, kwa joto na unyevu wa pwani, humomonyoka baada ya miaka. Ikikatika ukiigusa, bandika mpya kwenye spika zote mbili. Mulika tochi ndani ya tundu la besi pia, maana nyigu hawabagui.

Krosova, saketi ya ndani inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ikionyesha kapasita iliyovimba au kiungio cha risasi chenye ufa, kichomee upya au badilisha kapasita. Iwe isiyo na chanya na hasi, maikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi. Kapasita ya kawaida ya redio haifai hapo. Badilisha pande zote mbili, la sivyo umetengeneza tofauti mpya.

Twita ya sokoni inayoingia kwenye tundu lilelile si mbadala. Ikiwa hafifu kwa desibeli 3, itahitaji nguvu maradufu ili ilingane na mwenzake. Agiza ya mtengenezaji, kwa namba ya toleo.

Amplifaya

Tofauti inayosikika sauti ikiwa ndogo na kutoweka ukiongeza ni kitufe cha volyumu kuchoka au kuchafuka. Chomoa plagi, puliza dawa ya kusafishia kontakti ndani yake, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30, subiri nusu saa. Upande unaokatika kisha kurudi kwa mlio ukipandisha sauti ni rilei ya spika (swichi ya ndani inayojiwasha yenyewe) yenye kontakti chafu. Ibadilishwe kwa yenye volti na ampea zilezile. Zaidi ya hapo mwachie fundi, kwani kapasita kubwa za ndani hubaki na chaji hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kama kipaza kinasafirishwa Dar kwa basi, toa kipaza tu, kasha libaki. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa, funika koni kwa kadibodi isiyoigusa, na ndani ya boksi weka karatasi yenye jina la toleo, namba ya spika, usomaji wa omu na jaribio lililoonyesha kosa. Kikirudi, rudia kipimo cha mita 1 kabla ya kurudisha wavu. Tofauti ikizidi desibeli 1, anza na nyaya ulizofunga leo.